Mundu Wangu Ndani ya Gunia

Kwenye kikundi chetu cha kuvuna mpunga hapa Mwamkulu, hakuna mtu anayelala na mundu wake nyumbani wakati wa mavuno. Miundu yote inakusanywa kwenye gunia moja, na gunia linakaa kwa mama mwenyekiti wa kikundi. Utaratibu huo niliukuta. Wanasema zamani watu walikuwa wanaamka alfajiri kukata kwanza mpunga wa majaruba yao, halafu wanafika kwenye zamu ya mwenzao wamechoka, miundu imekuwa butu, wanakata kama wanaosuka nywele. Ndipo wakakubaliana miundu ilale pamoja, inolewe pamoja na itoke pamoja. Asubuhi mwenyekiti anafungua gunia juu ya tuta, anatoa mundu mmoja mmoja na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Ukipokea mundu, unaingia kwenye mstari. Ukiingia kwenye mstari unahesabiwa, na siku jaruba lako likiiva wote wanakuja kwako.

Mundu wangu una kitambaa cha bluu kwenye mpini. Nilikikata kwenye sketi yangu ya shule nilipomaliza darasa la saba, mwaka ambao mama aliniachia nafasi yake kwenye kikundi. Nafasi ni moja kwa kila nyumba, na mgongo wa mama ulikuwa umekataa. Akiinama, kuinuka kunamchukua muda. Anajisukuma kwa mkono kwenye paja huku anaguna. Kwa hiyo mgongo wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Halafu nikaugua.

Niliugua akili. Nausema ugonjwa huo hivyo kwa sababu ndivyo ulivyo, ingawa nyumbani tunasema "kile kipindi." Nilianza kukosa usingizi. Baadaye nikawa nasikia wanawake wa kikundi wananiita kutoka kisimani, nikienda sikuti mtu, ndoo tu. Nikaacha kula kwa sababu niliambiwa nisile, na aliyeniambia sikumwona. Siku moja nilitembea mpaka mjini Mpanda, nikaikuta reli, nikaifuata kuelekea Kaliua bila viatu. Nilikuwa na hakika kwamba nikisimama, treni haitafika tena Mpanda, na watu wote wanaoisubiri watajua ni kosa langu. Mafundi wa reli ndio walionisimamisha. Walinikalisha juu ya sanduku lao la vifaa wakanipa ugali na maharage, na hakuna aliyenicheka. Nawakumbuka zaidi ya watu wengi ninaowajua kwa majina.

Nyumbani nilifungwa. Mjomba alisema ni mpaka nitulie. Kamba tuliazima kwa jirani yetu mfugaji, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani. Nilipelekwa kwa mganga, nikapelekwa kwenye maombi, na mwisho nikapelekwa hospitali mjini, ambako nilipewa vidonge. Vidonge vilinipa kwanza usingizi, halafu mate mengi mdomoni, halafu, polepole sana, vikanirudishia ukimya kichwani. Mama aliifua ile kamba akairudisha kwa mwenyewe. Sasa hivi inafungia ndama. Jioni ndama hupita mbele ya mlango wetu akitoka kunywa maji, na mimi naijua ile kamba kwa fundo lake.

Nilipopona nilidhani mengine yote yatarudi yenyewe.

Jina jipya nilishapewa. Vijana wa bodaboda na bajaji, nikienda mjini Makanyagio kuuza mboga, walikuwa wananipigia kelele, "Dada, leo laini iko hewani?" Wengine wanacheka, mmoja anajibu kwa niaba yangu kwa sauti nyembamba, "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Msemo huo aliuanzisha dereva mmoja wa bajaji, kijana wa mwenyekiti wetu. Tulisoma naye darasa moja. Alikuwa hodari wa kuchekesha tangu shuleni, na mimi nilikuwa yule mtoto anayekaa nyuma, anayejua jibu na hanyooshi mkono.

Msimu wa kwanza baada ya kupona nilikwenda kwenye kikundi asubuhi kama wengine. Mwenyekiti alitoa miundu. Nilikuwa nahesabu kwa macho, huyu kapewa, yule kapewa. Gunia likakunjwa. Ndani yake, chini kabisa, bado kulikuwa na kitu kizito.

"Mwanangu," aliniambia akinivuta pembeni, "mundu ni chuma. Watu wanaogopa kukata wakiwa wamekupa mgongo."

"Mimi sijawahi kumkata mtu."

"Najua. Mimi najua. Ni wao."

Wao walikuwa wamesimama pale, wanajifunga kanga viunoni, wanasikiliza. Mwaka ule mama na mimi tulikata jaruba letu peke yetu, kwa kisu cha jikoni na mundu mmoja wa kuazima. Mpunga ulipukutika kabla hatujafika katikati. Mama alilala chali siku nyingi baada ya hapo, akinitaka radhi mimi, kana kwamba mgongo ndio uliokosa.

Msimu uliofuata, mpunga ulipoanza kugeuka rangi, nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake kabla ya mavuno. Sikuwa nimewahi kumfuata mtu kudai kitu. Nilisimama mlangoni mpaka aliponiuliza kama nimetumwa.

"Nimekuja kwa ajili ya mundu wangu," nilisema.

Alifikiri huku anapeta mchele. "Toa ushuhuda," alisema. "Simama Jumapili kanisani, sema kwa mdomo wako kwamba umepona. Nusu ya kikundi tunasali pale. Wakikusikia wenyewe, mimi nitakuwa na la kusimamia. Nitakupa mundu mbele yao."

"Mbele yao?"

"Mbele yao. Ungetaka nikupe uani kama mwizi?"

Hata nesi wa hospitali alishawahi kuniambia kitu cha namna hiyo. Alisema mtu aliyepona akisema alivyopona, mwingine aliyejificha ndani atapata ujasiri wa kutoka kuja kutibiwa. Nilikuwa nimemjibu kwamba mimi siwezi kuongea mbele za watu. Sasa nikaona mambo mawili yamekutana, la nesi na la mundu, nikasema nitajaribu.

Mama alinifundisha wakati tunachambua maharage. "Sema nilikuwa nimefungwa, nikaombewa, nikafunguliwa. Watu watasema amina. Unaimba ubeti mmoja unakaa."

"Na vidonge?"

Mama aliendelea kuchambua. "Vidonge ni vya nyumbani," alisema.

Asiyesali kwetu aelewe kwamba ushuhuda una njia yake. Unaanza kwa kumsifu Bwana, unasema ulikuwa katika hali gani, unasema siku uliyoombewa, unasema kuanzia siku hiyo mpaka leo ni mzima. Hakuna mtu anayesimama kusema kwamba anaendelea nafuu. Anayeendelea nafuu anaitwa kuombewa, na hiyo ni sehemu nyingine ya ibada. Haya yote niliyajua tangu utoto. Lakini siku ile niliposimama mbele, nimeishika maiki karibu mno mpaka ikawa inagonga meno yangu, niliyasahau, au niliyaona madogo. Nilisema yalivyokuwa. Nilisema kuhusu kisima na sauti, na kuhusu reli. Watu walikuwa wananisikiliza, mama mmoja mbele alikuwa anafuta machozi. Nilisema maombi yalinipa moyo, na hilo ni kweli. Halafu nikasema:

"Nilipelekwa hospitali. Nikapewa vidonge. Vidonge ndivyo vilivyonifanya nisisikie tena zile sauti, na mpaka leo ninavinywa kila jioni, na nesi amesema nisiviache. Kama kuna mtu hapa nyumbani kwake ana—"

Kinanda kikaanza. Kwetu mpiga kinanda huanza taratibu akiona mtu anarefusha, ili aelewe amalize. Mimi nilipandisha sauti, naye akapandisha kinanda. Sauti yangu haijawahi kushindana na kitu. Mzee wa kanisa alikuja akatoa maiki mkononi mwangu kwa upole sana, akasema, "Bwana asifiwe! Bwana anaendelea kumtendea binti yetu. Bado kidogo tu, lakini anaendelea. Tunyooshe mikono tumwombee."

Mikono ikanyooshwa. Wanawake wawili walikuja kunishika, mmoja huku mmoja huku, kwenye sehemu ileile ya mkono ambapo kamba ilipita. Wananishika ili nikianguka nisiumie. Sikuanguka. Nilisimama tu, macho wazi, namwangalia mama yangu kwenye benchi, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa kuwa sikuanguka maombi yakawa marefu. Nilikwenda mbele kusema nimepona, nikarudi kwenye kiti nimeombewa kama mgonjwa.

Ndiyo maana haya nayaandika. Naandika polepole, neno moja nalitazama muda mrefu kabla ya lingine. Lakini karatasi haina kinanda.

Njiani kurudi mama alitangulia. Tulipofika karibu na nyumba alisimama, si kunisubiri, ni mgongo. "Ungeishia kwenye kufunguliwa," alisema, "leo tungekuwa na zamu."

"Ningekuwa nimedanganya, mama."

"Nani angekuuliza?"

Siku ya kwanza ya mavuno nilikwenda hivyo hivyo. Mwenyekiti alifungua gunia, akatoa miundu, akamaliza, akakunja. Niliona kona ya kitambaa cha bluu kabla hajakunja. Hakunivuta pembeni safari hii. Alisema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi:

"Binti yetu tusaidie kulinda ndege. Yale majaruba ya kule yamechelewa kuiva, kweleakwelea watayamaliza."

"Ndege wanahesabiwa kwenye zamu?" niliuliza.

"Tutaangalia."

Mwanamke mmoja mchekeshaji wa kikundi, ambaye hana ubaya ila hana breki, alisema, "Si amezoea kuongea peke yake? Sasa aongee na ndege." Wakacheka. Hata mimi mdomo ulitaka kucheka kwa kuzoea, nikauzuia.

Nilipewa debe na fimbo. Kulinda ndege kwa kawaida ni kazi ya watoto, lakini watoto walizuiwa wasikae na mimi. Nilisimama peke yangu juu ya tuta. Kazi yenyewe ni kelele. Ndege wanashuka kama blanketi lililorushwa, na ukinyamaza kwa kitambo tu, masuke yanabaki mabua. Kwa hiyo nilipiga debe, nikakimbia kutoka tuta hili hadi lile, nikarusha matope, nikapiga ukelele: haaa, haaa, tokeni, tokeni hapo! Mimi, ambaye sauti yangu mwalimu alikuwa haisikii nikiwa mbele ya meza yake.

Na barabara inapita pale. Watu wanaotoka mjini na bodaboda walikuwa wananiona mimi tu. Wavunaji walikuwa mbali upande wa pili. Wanaona mwanamke mmoja katikati ya mashamba, hana mtu karibu, anapiga kelele na kurusha mikono. Nilisikia mmoja akimwambia dereva wake, "Kile kichaa kimerudi." Dereva akapiga honi ndefu na kunipungia. Kabla jua halijawa kali habari ilishafika Makanyagio kwamba imenianza tena. Jioni mama aliulizwa sokoni kama bado tunayo ile kamba.

Nyie mnaosoma haya, hapo ndipo nilipochoka zaidi. Kuugua kulikuwa kugumu, lakini nilipougua sikuwepo. Kwenye lile tuta nilikuwepo.

Niliendelea kwenda, kwa sababu ya lile neno "tutaangalia." Siku moja mwenyekiti alinifuata kwenye tuta akiwa na uji kwenye kikombe cha bati. Hakuwa amewahi kuniletea uji. Alikaa akaangalia mpunga.

"Hivi wewe," alisema, "kwanza kabisa, kabla ya yote, ulianzaje?"

"Sikulala."

"Siku nyingi?"

"Nyingi."

Ndege walishuka, nikapiga debe, wakanyanyuka. Aliposema tena alikuwa ananiangalia miguu. "Kijana wangu anasema abiria wake wanamrekodi. Ameipaki bajaji. Amefunika kioo cha simu kwa matope. Jana amemfukuza mdogo wake kwa jembe." Alishusha pumzi. "Vile vidonge ulivyosema kanisani. Vinatolewa dirisha gani?"

Nilimwelekeza. Nikaona haelewi, au anaelewa na anaogopa, nikasema nitakwenda naye.

"Twende," alisema haraka. Halafu akanishika mkono. "Lakini mwanangu, haya yaishie hapa kwenye tuta."

Tulikwenda mjini watatu. Kijana wake alikuwa amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, haongei, anageuka nyuma kila baada ya hatua chache. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba mimi sina simu. Akatulia kidogo, akawa anatembea upande wangu. Hospitalini mwenyekiti alichagua benchi, akaniweka mimi karibu kabisa na dirisha, yeye katikati, kijana mwisho ukutani. "Kaa hapo mbele, mwanangu," alisema, "wewe umezoea."

Tukiwa tumekaa alipita mwanamke mmoja wa Makanyagio, muuza dagaa, anamjua mwenyekiti. "Eee, mwenyekiti! Huku kuna nini tena?"

Mwenyekiti hakusita hata kidogo. "Nimemsindikiza huyu binti wetu," alisema, akaniwekea mkono begani. "Si unajua hali yake."

"Oo, bado tu?" Yule mwanamke aliniangalia kwa huruma, ile huruma ya kumwangalia mtu kama vile hasikii. "Una moyo, dada. Wengine wangemtupa." Akamwona kijana. "Na huyu?"

"Huyu ametuleta na bajaji."

Kijana aliangalia sakafu. Mimi nilikuwa na maneno. Sijawahi kuwa na maneno mengi kiasi kile na yote yako tayari mdomoni. Sikuyasema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sipendi kujisifu kwamba ni huruma. Nilikuwa nawaza kile kitambaa cha bluu. Niliwaza: baada ya hili hawezi tena kukunja gunia.

Nesi alipotuita alituangalia sote watatu, akaelewa, akaniambia taratibu, "Umefanya vizuri kumleta." Mwenyekiti alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Asubuhi iliyofuata nilisimama karibu kabisa na gunia. Alitoa miundu yote. Mkono wake ukaingia tena, ukagusa chini, nikasikia chuma kikigusana na kokoto kupitia gunia. Ukatoka mtupu.

"Wiki hii ipite," alisema bila kuniangalia. "Wakiniona nimekubadilikia ghafla wataniuliza nimeona nini kwako."

Niliokota debe.

Wiki zilipita, na majaruba yakaisha moja baada ya lingine. Letu liko mwisho kabisa, upande wa chini ambako maji huchelewa kukauka, ndiyo maana huiva baada ya mengine. Kijana alipata nafuu. Nilijua kwa sababu nilisikia bajaji yake inapita, na siku moja alipunguza mwendo alipofika kwenye tuta langu. Hakupiga honi wala hakuuliza habari ya laini. Alitazama tu mbele kama anayepita karibu na msiba.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na maboga, magunia na kuku waliofungwa miguu. Muda wa ushuhuda ulipofika, mwenyekiti alisimama akiwa na kijana wake, shati jeupe, kofia hana. Nilikuwa benchi la nyuma na mama. Kijana alichukua maiki. Alikuwa hodari kama shuleni.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Kuna giza lilinipata. Silisemi lote. Shetani alitaka kunichukua na bajaji yangu." Watu wakacheka kwa furaha. "Mama yangu akapiga magoti. Mkaniombea bila kujua mnamwombea nani. Nikafunguliwa! Na leo niko barabarani, leo kuna mtu hapa nimemleta kanisani na hajalipa nauli, namwona!"

Kinanda hakikumkatiza. Kilipoanza kilikuwa cha shangwe. Mwenyekiti alipiga vigelegele mpaka kilemba kikamvuka. Watu walimkumbatia kijana, wanaume wakampiga mgongoni, hakuna aliyemshika mikono kwa tahadhari. Akirudi kwenye kiti alipita karibu nasi, macho yetu yakakutana, na mimi nilijua kitu kimoja ambacho watu wote mle ndani hawakukijua, kwamba jioni ile baada ya kula angekwenda kumeza kidonge kama changu, huenda cha rangi ileile. Sikuwa na chuki naye. Chuki ingekuwa nyepesi. Niliwaza kuhusu mtu mwingine aliyekaa mle ndani, ana kijana wake au dada yake amemfungia, aliyesikia shuhuda zetu zote mbili. Kwangu alijifunza kwamba vidonge ni vya mtu ambaye hajapona. Kwake alijifunza kwamba vidonge havipo.

Mama alinigusa goti. "Umeona?" alisema. "Ndivyo inavyosemwa."

Kikundi kilifunga hesabu za zamu wiki hiyo. Ndege hawakuhesabiwa. Mwenyekiti hakuja kuniambia. Alimtuma yule mchekeshaji, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Wamesema mwakani," aliniambia, akasimama kidogo, akaondoka.

Tulianza kukata wenyewe, mama na mimi. Nilikuwa nimeazima tena ule mundu mmoja, mama ameshika kisu. Jua lilikuwa limeshakausha masuke, ukigusa bua punje zinamwagika chini kwenye matope yaliyopasuka. Mama alikata kidogo, akainuka, akainama, akainuka. Safari ya tatu hakuinuka vizuri. Nilimkalisha juu ya tuta akiwa amepinda, anatazama mpunga wake unavyoanguka.

Ndipo nikaona bajaji imesimama mbali, si barabarani, imeingizwa nyuma ya kichaka. Kijana alikuja kwa kufuata mfereji, ameinama. Mkononi alikuwa na kitu amekifunga kwenye fulana. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akafungua. Ulikuwa mundu wangu. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimegeuka rangi ya jivu kwa ukungu wa kukaa gizani, na makali yalikuwa na kutu kwa sababu yalikuwa hayajanolewa na wenzake.

"Mama yako anajua?" nilimuuliza.

"Aliniona nikiutoa. Akageukia ukutani."

Niliupokea. Nilikuwa nimeuwaza wakati huu wa kukabidhiwa kwa misimu miwili: wote wamesimama, mwenyekiti ananyoosha mkono, wanaona. Nilikuwa nimewaza hata nitakavyosema asante. Sasa nilipewa na mtu aliyeificha bajaji yake.

Alichukua ule mundu wa kuazima akaingia kwenye mpunga upande wangu. Anakata vibaya, mtu wa usukani. Tulikwenda hivyo muda, mstari wa watu wawili.

"Vinanilegeza," alisema bila kuinua kichwa. "Abiria wananiambia naendesha kama nimelala. Wewe ulifanyaje?"

"Mwambie nesi. Mimi aliniambia ninywe nikishakula, kabla tu ya kulala. Usiache."

"Nilitaka kuacha. Kwa vile nimeshasema nimefunguliwa."

"Usiache," nilirudia.

Hapo pikipiki ikatokea barabarani na watu wawili. Walipunguza mwendo. Kijana akachuchumaa haraka, lakini walikuwa wameshaona kwamba kuna mtu wa pili, ila hawakumtambua.

"Oyaa!" mmoja akapiga kelele. "Chizi kapata mwenzake!"

Wakaondoka wanacheka, vumbi likabaki limesimama. Kijana alikuwa bado chini kati ya mabua, ameshika mundu kwa mikono miwili, uso umemtoka jasho. Huo ulikuwa utani wa aina ileile aliyoianzisha yeye mwenyewe. Niliona anasubiri nimwambie kitu. Mama naye alikuwa ananiangalia kutoka kwenye tuta.

"Simama ukate," nilimwambia. "Mpunga unapukutika."